Staha za Mlango wa Diski

Katika ala zote za kompyuta nilizopata kuzitumikia, sikumbuki yenye inda kuliko kiendeshi cha sidii, ambacho mtu aweza kukibonyeza kitufe chake mpaka kidole kikamwuma, nacho kimenyamaza, taa yake ikimemetameta. Mhasibu wetu, mtu mzima mwenye kanzu iliyopigwa pasi barabara, aliazimu kukichokonoa kwa pini, kwa sababu diski iliyokuwamo ilikuwa na picha za harusi ya bintiye, na wakweze wamekwisha kuketi barazani wakizingoja.

"Subira, mzee wangu," nikamwambia. Maana Linux, diski ipachikwapo, hukipelekea kiendeshi amri ya baiti 6, ya kwanza ikiwa 1E na ya tano 01, ya kuufunga mlango, na tangu hapo kitufe huwa ni pambo tu. Tukaiuliza programu ya fuser ni nani aliyeishikilia diski, ikatutajia dirisha la amri alilolifungua mhasibu mwenyewe asubuhi, akaingia katika saraka ya diski, kisha akaondoka zake kwenda kuagiza kahawa.

Lakini kabla sijalifunga, alikwisha kumwita kijana wa ghorofa ya juu, ambaye kwake yeye kupitia njia ya kawaida ni unyonge. Kijana akakihutubia kiendeshi moja kwa moja kwa SCSI, lugha isiyo na shikamoo: 1B, na baiti ya tano 02, yaani toa. Kikamjibu 5, 53, 02: ombi si halali, diski imezuiwa kutoka. Mimi hulistahi sana jawabu hilo, na ofisi nyingi zingejifunza kukataa kwa ufasaha wa namna hiyo. Kijana hakulistahi, akapeleka tena 1B kwa pupa, ila safari hii akaandika sr1 badala ya sr0, na kiendeshi cha pili, kitupu kisicho na kufuli, kikamtii papo hapo, trei ikachomoka na kukisukuma kikombe cha kahawa kilichokuwa mbele yake, chote kikaishia kwenye kanzu.

Wakati wanapangusa, nikalifunga lile dirisha, nikaipachua diski, ikatoka kwa taadhima. Kijana naye, akitaka radhi, akapeleka 03 ili trei irudi ndani, ikarudi kweli, na kijiko cha mhasibu juu yake.