Kiwanda Hufuata Jani, Sera Hufuata Lami

Mchumi wa Kijerumani Alfred Weber alieleza mwaka 1909 kwamba kiwanda hukaribia malighafi inayopoteza uzito mwingi inaposindikwa, na wilayani Rungwe jani la chai limeitii nadharia hiyo bila kuisoma: kilo 4 hadi 5 za majani mabichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu, nalo jani likichumwa huanza kuharibika baada ya saa chache, hivyo Katumba ikapata kiwanda pasipo mwekezaji kubembelezwa. Ubembelezaji, unaoitwa kwa heshima sera ya maendeleo ya kikanda, yaani juhudi za serikali kuelekeza viwanda kwenye maeneo yaliyosahauliwa, uliwaendea wasiosahauliwa. Mpango wa Pili wa Maendeleo wa Tanzania wa mwaka 1969 uliteua miji 9 kuwa vitovu vya ukuaji, Mbeya ikiwamo, ukitumaini kwamba neema ingeteremka yenyewe hadi vijijini. Mpuguso ya Rungwe hiyohiyo, ambayo haikuwa mji, ina chuo cha ualimu, na bidhaa yake, yaani walimu, tofauti na jani, husafirishwa hadi mkoa wowote bila kupungua uzito, isipokuwa pale mshahara unapochelewa.