Diski za Shemeji

Muulize muuza kompyuta wa Kariakoo kama diski fulani itafanya kazi kwenye NAS yako, kile kisanduku cha kuhifadhi mafaili ya nyumba nzima, na kabla hujamaliza kutaja aina atakujibu: "Inaingia, bosi." Simlaumu. Diski za inchi 3.5 zina umbo moja, matundu ya skrubu yale yale, na nyingi zina mdomo ule ule wa SATA. Kuingia zinaingia. Kukesha pamoja ndani ya kasha dogo, katika joto la Dar es Salaam, ndiyo habari nyingine.

Mimi nilitaka amani tu: kisanduku kando ya ruta, diski mbili zinazobeba nakala moja, na picha za ukoo mzima zitulie humo badala ya kuzagaa kwenye simu zenye vioo vilivyopasuka. Nikanunua diski ya terabaiti 4. Ya pili, shemeji akasema nisihangaike, anayo. Akaileta imefungwa kwenye gazeti, imetolewa kwenye kompyuta ya ofisi iliyostaafu: gigabaiti 500. "Haba na haba hujaza kibaba," akasema, na shemeji hapingwi mbele ya dada yake. Bahati mbaya RAID 1, ule mpango wa diski mbili kubeba nakala moja, haikulelewa kwa methali. Nakala lazima ienee kwenye diski zote mbili, kwa hiyo kipimo ni ile ndogo. Diski iliyokula nusu ya mshahara wangu ikabaki na kazi ya gigabaiti 500, kwingine kote ikizunguka bure kwa umeme wangu.

Nikaitoa ya shemeji kwa adabu zote. Kubwa ilipobaki peke yake, skrini ikaandika 3.6. Mama, aliyekuwa akimenya vitunguu, akauliza iliyobaki imekwenda wapi. Nikamweleza kwamba kiwanda huhesabu kwa elfu na kompyuta huhesabu kwa 1,024, na kwamba pengo hilo hupanuka kadiri unavyopanda kutoka kilobaiti kwenda terabaiti. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono, akaenda kuvaa baibui lake la kutokea. Mama hajawahi kupunjwa na mizani ya sokoni akanyamaza. Nilimwahi mlangoni.

Shemeji naye hakukata tamaa. Akaleta nyingine, terabaiti 4 kamili, ndani ya boksi lake, "bei ya kutupa". Boksi lilisema kila kitu isipokuwa lile moja la maana: diski ilikuwa ya SMR. Kwenye diski za CMR kila mstari wa data una njia yake. Kwenye SMR mistari imelaliana kama mabati ya paa ili mingi zaidi ienee, na ukitaka kubadili bati moja huna budi kuinua yaliyolilalia. Kwa kuhifadhi filamu utakazozitazama tu, haina neno. Kwa NAS inayonakili diski nzima mfululizo, ni mateso: inaanza kwa mbio, sehemu ya akiba inayopokea data kwanza inajaa, kisha mwendo unaporomoka. Wala si wauzaji wa vichochoroni peke yao wanaonyamaza. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za Red, zilizouzwa mahsusi kwa NAS, zilikuwa za SMR bila mnunuzi kuambiwa. Ndipo zile za CMR zikapewa jina la Red Plus.

Nikaichomeka hivyo hivyo ianze kunakili. Asubuhi skrini ilisema asilimia 11. Jioni, 14. Watoto wakawa wanapita kuichungulia wakitoka kuoga, wakitangaza matokeo kwa jirani. Ilipokaribia 60, LUKU ikaisha, kila mtu nyumbani akiwa na hakika kwamba mwenzake ndiye aliyenunua umeme. Uliporudi, kazi ikaanza kwenye sifuri.

Jumapili shemeji akaingia na nzito kuliko zote. "Hii ya seva ya benki," akasema, "ni kiboko." Ilikuwa ya SAS. Mdomo wake unafanana na wa SATA, ila pale katikati penye pengo pamezibwa kwa plastiki, makusudi kabisa, ili mtu asiichomeke pasipo pake. Shemeji akaisukuma. Akaigeuza, akaisukuma tena. Akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaitazama ile plastiki kwa jicho la fundi, kisha akamwuliza dada yake kama humu ndani kuna tupa.