Itifaki Imezingatiwa, Mheshimiwa Mvumo

Tangu Mji wa Serikali uzinduliwe hapa Mtumba mwaka 2019, waheshimiwa tunao wa kutosha. Anayekuja kwangu kila siku hana gari wala mpambe: ni Mheshimiwa Mvumo. Nikiwasha sinthesaiza yangu ya moduli, niliyoilehemu mwenyewe, kabla sijagusa kitufe ameshafika kwenye spika. Mmmmm, mara 50 kwa sekunde, sawasawa na umeme wa gridi. Nani mwingine anatunza muda hivi? Umeme ukikatika naye huondoka papo hapo, bila hotuba ya kuaga.

Wanamwita kero. Mimi namwita mkaguzi asiyekula rushwa. Nilichomeka kompyuta niliyoiunganisha na sinthesaiza kwenye soketi nyingine, ethi ikawa na njia mbili, yeye akaniumbua mbele ya wageni. Mdogo wake, Mluzi, hukagua ndani ya kisanduku cha sinthesaiza. Humo kila mkondo unaotoka lazima urudi. Saketi za analogi hurudi taratibu, kama mama aliyejitwika trei la mayai. Za dijitali hurudi kama msafara wa kiongozi, kishindo, kimya, kishindo. Wapitishe wote kwenye waya mmoja mwembamba uone mayai. Na mayai yenyewe ni madogo: volti 1 ni oktava nzima, hivyo nusu-toni ni kama milivolti 83. Ethi ikiyumba kwa milivolti 8, mwenye sikio ameshakunja uso.

Dawa naijua: kila upande upewe njia yake ya kurudi, zikutane mahali pamoja tu, penye pawa saplai. Naijua tangu zamani, lakini bila kelele za Mvumo na Mluzi nisingeshika chuma cha kulehemu.

Oktoba, ardhi ya Dodoma ikiwa imekauka kabisa, nilimwagia maji fimbo ya ethi nje ya nyumba. Jirani akauliza kama chuma kitaota. Mvumo haukupungua hata chembe. Fimbo ile hulinda roho, haina habari na masikio. Fundi mmoja akanishauri ning'oe waya wa ethi kwenye plagi. Kweli ukimya ungekuja, na siku kisanduku kikishika umeme, ningenyamaza na mimi.

Halafu, nani kasema mvumo ni uchafu? Wagogo hubandika utando wa buibui kwenye tundu la ala yao ya muziki, ilimba, makusudi, ili kila noti ivume. Mwanamuziki wao, Hukwe Zawose, alizunguka dunia na ilimba, na sijasikia aliyemwomba aondoe buibui.

Basi nimelehemu upya, kisanduku kimetulia. Chaneli moja tu nimeiacha na ethi yake mbovu, nikaiwekea kitufe chake peke yake. Juu yake nimeandika: VIP.