Kibodi Iwake kwa Sababu

Mcheeew! Bandugu, tuseme ukweli hapa hapa uwanja wa ndege wa Luano, kwenye benchi hii ya muuza yunite za simu, kabla ndege haijashuka tukashindwa kusikilizana. Vijana wetu wananunua kibodi zenye taa chini ya kila kitufe, wanatoa dola zao, halafu kazi ya taa zenyewe ni kukimbizana usiku kucha: nyekundu, kijani, zambarau, kutoka kushoto kwenda kulia. Zinamwambia nini mwenyewe? Hakuna. Ukimwuliza kijana jinsi ya kuzizuia, anajibu, "Yaya, nimeikuta hivyo hivyo." Aka! Kitu umekilipia, kiko mezani pako, umekiacha kama ulivyokikuta?

Mimi nasema taa ya kibodi iwe na kazi, na anayeamua kazi hiyo awe mwenye kibodi. Sirudi nyuma hapo.

Na msidhani haya yalianza juzi na wacheza michezo ya kompyuta. Mwaka 1984 IBM ilipotoa PC/AT, kibodi yake ilikuwa na vitaa vitatu, na iliyoviwasha haikuwa kibodi yenyewe. Ukibonyeza kitufe cha herufi kubwa, kibodi inapeleka habari kwenye kompyuta, kompyuta inaamua, kisha inarudisha amri ya kuwasha. Kwenye USB ni hivyo mpaka leo: baiti moja inarudi kwenye kibodi, na kila kitaa kina biti yake ndani ya baiti hiyo. Kwa hiyo kuamrisha taa za kibodi kutoka kwenye kompyuta ni jambo la kale. Kilichoongezeka ni idadi ya taa, na rangi tatu ndani ya kila moja.

Sasa njia za kuziamrisha ziko ngapi? Ya kwanza ni programu huru iitwayo QMK, inayokaa ndani ya kibodi yenyewe, kwenye chipu yake. Kompyuta inaongea nayo kwa pakiti ndogo za baiti 32. Programu ya VIA inapita njia hiyo hiyo: unaifungua kwenye Chrome, unachagua rangi, unahamisha vitufe, na ulichochagua kinahifadhiwa ndani ya kibodi. Ukiichomoa ukaipeleka kwenye mashini ya duka la fotokopi la jirani, inafika na mpangilio wake, bila kusakinisha kitu. Njia ya pili ni OpenRGB, nayo ni huru, inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na inatambua vifaa vya viwanda vingi tofauti. Njia ya tatu imo ndani ya Windows 11 tangu mwaka 2023: kibodi inayofuata kanuni ya wazi ya taa inaamrishwa kwenye mipangilio ya Windows yenyewe.

Halafu kuna njia ya nne, na hiyo ndiyo inayonifanya nisonye. Kiwanda kinakuuzia kibodi, kisha kinataka ushushe programu yake nzito, ufungue akaunti, na mashini ikiwaka tu nayo iamke. Mcheeew! Sisi tunanunua mega za intaneti kwa kipimo. Mega za kusomea ziishie kwenye kubadilisha rangi ya kitufe? Na programu hiyo inakaa karibu na kila unachoandika, neno la siri likiwemo. Mtu hamwachii mgeni nafasi hiyo bila kumwuliza anatafuta nini.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana hapa Lubumbashi kazi ipo tele. Tumesoma kwa Kifaransa, vidole vyetu vimezoea mpangilio wa vitufe wa AZERTY. Lakini kibodi nyingi zinazotufikia kutoka Dubai, China au upande wa Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa zimechapwa kwa mpangilio wa QWERTY. Mtu anaweka AZERTY kwenye kompyuta, na kilichochapwa juu ya vitufe kinamdanganya: A imekaa mahali pa Q, Z mahali pa W, na M imesogea kulia kwa L. Mwanafunzi anaandika kazi yake usiku, anaandika "qnq" badala ya "ana", anafuta, anaanza tena. Vitaa vitano tu vya rangi ya chungwa, kwenye A, Q, Z, W na M, vinamwonyesha mtego ulipo. Ongeza cha sita kwenye namba 4, maana kwenye AZERTY ya Kifaransa ndipo alama ya ng'ombe na ng'ambo inapokaa.

Anayeandika Kilingala kwa herufi zake kamili ana faida zaidi. Ndani ya Linux umo tayari mpangilio wa kibodi wa nchi yetu, unaitwa cd, wenye herufi ɛ na ɔ. Hazikuchapwa kwenye kibodi yoyote utakayoikuta dukani. Taa inaweza kuwa ndiyo chapa: vinawaka vile tu vyenye herufi hizo, vingine vinazimika.

Najua kuna baba hapa atasema, "Mwanangu, kuandika ni vidole. Taa ya nini?" Baba, kwa aliyezoea uko sawa kabisa. Lakini anayeanza leo hana vidole hivyo bado, na mashini anayoazima kesho si ile ya jana.

Umeme nao. Taa moja ya aina ya WS2812, ikiwaka nyeupe kwa nguvu yote, inaweza kula miliampea 60. Kibodi ya vitufe 87 ingetaka miliampea zaidi ya 5,000, na USB 2.0 inatoa 500. Ndiyo maana kibodi inapunguza mwanga wake yenyewe. Hata hizo 500 ni wati 2.5. Kompyuta ndogo yenye betri ya wati-saa 50, ikitumia wati 10, inakaa saa 5. Ongeza taa zote, zinabaki saa 4. Umeme ukikatika kabla hujamaliza kuandika, saa hiyo moja ni kitu. Vitufe vitano au sita vya rangi moja havili hata nusu saa. Na taa hizo hizo zinaweza kukulinda: programu fupi ya Python inasoma betri na kuwasha F1 mpaka F12, kila kitufe kikiwa kama asilimia 8. Vikibaki viwili, hifadhi kazi yako.

Kibodi yenye kiskrini cha OLED cha nukta 128 kwa 32 ni msaada mwingine. Picha yake nzima ni baiti 512, yaani pakiti 16 za baiti 32, ukiacha baiti za maelekezo. Kwa herufi za kawaida za QMK inapata mistari 4 ya herufi 21. Mwenye duka la fotokopi aweke saa, betri, idadi ya kurasa, na bei ya dola kwa franka aliyoiandika mwenyewe asubuhi baada ya kupita kwa kambiste, mbadilisha pesa. Mteja akiuliza, jibu liko mbele ya macho yake, na hakuna hata mega moja iliyotumika.

Basi ukienda dukani, au ukimwagiza ndugu ashuke nayo hapa Luano, usianze na swali la rangi ngapi. Uliza: inapokea QMK au VIA? Kama hapana, OpenRGB inaitambua? Muuzaji akishindwa kujibu, shika pesa yako mpaka ujue. Na wewe ambaye tayari unayo nyumbani, zima michezo yote ya taa leo jioni, uwashe vitufe vitano: A, Q, Z, W na M. Vingine utaviongeza mwenyewe, kila kimoja siku utakapojua unakitaka kwa nini.