Balbu Haina Hatia

Tokeni zina tabia ya kuisha Jumamosi saa tatu usiku, mechi ikiwa dakika ya 80, na zikiisha nyumba hugeuka mahakama. Kuanzia Ukunda hadi Msambweni kesi huendeshwa kwa mtindo mmoja: baba ni mpelelezi, mama ni shahidi, na mshtakiwa ni mtoto aliyeacha taa ya choo ikiwaka. Hapo tena kuna anayesomewa tarakimu 20 za tokeni mpya kwa mwanga wa simu; anakosea ya 17, mita inakataa, na kosa hilo nalo anabebeshwa mtoto. Mimi nasimama upande wa mshtakiwa. Katika nyumba za Kwale stima hailiwi na mwanga, wala televisheni, wala chaja iliyosahauliwa ukutani. Inaliwa na joto, na inaliwa mara mbili: kwanza twanunua joto tusilolihitaji, kisha twanunua stima nyingine ya kulifukuza.

Ushahidi umeandikwa kwenye vyombo vyenyewe, nyuma, mahali ambapo hatupangusi vumbi. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Balbu ya LED ya wati 9, ikiwaka saa 12 kila usiku, itafanya kazi usiku 9 ndipo imalize uniti moja. Televisheni ya wati 50 itachukua saa 20, yaani mechi kumi pamoja na mabishano ya mapumziko. Feni ya dari ya wati 60 itazunguka karibu saa 17. Sasa waite wakubwa kizimbani. Birika la stima la wati 2,000 likichemka mfululizo linamaliza uniti hiyo kwa nusu saa. Pasi ya wati 1,200 ikikaa moto bila kupumzika inahitaji dakika 50, na kanzu za Ijumaa za nyumba yenye wanaume wanne hazinyooshwi kwa pungufu ya hapo. Shawa ya stima, ile inayopasha maji papo hapo kwa wati 5,000, inahitaji dakika 12 tu. Kwa hiyo mtu anayeoga huku akifoka kutoka bafuni kwamba nani kaacha taa ya veranda, amekwisha kutumia stima ya taa hiyo ya usiku 9 kabla hajasuuza povu.

Shawa hiyo yastahili kuhojiwa peke yake. Watu watano wakioga dakika sita kila mmoja, ni nusu saa kwa siku, uniti mbili na nusu, au 75 kwa mwezi, kwa ajili ya kuongeza joto katika pwani ambayo mchana wa Februari hupita digrii 30 bila kuombwa. Kinachochekesha zaidi kiko juu ya paa: tanki jeusi la plastiki limekaa juani tangu asubuhi, na kufika alasiri mfereji wa maji ya baridi unaweza kukutoa bafuni mbio. Jua limepasha bure, na bado swichi inawashwa kwa sababu imo katika kodi ya nyumba. Nitaambiwa kwamba Julai, kusi linapovuma, alfajiri kuna baridi. Baridi ya Diani ni digrii 20 na ushei. Watu wa Nyandarua huiita siku ya kuvua masweta. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa ana udhuru, lakini maji ya ndoo moja yaliyotiwa birika moja yanamtosha, na hayafiki popote karibu na uniti 75.

Upande wa kufukuza joto, mshtakiwa wa kwanza ni friji. Friji ya kawaida hula karibu uniti moja kwa siku, na ikibanwa ukutani kando ya jiko, raba ya mlango ikiwa imelegea na watoto wakiifungua kila baada ya dakika kumi kuangalia kama kuna kitu kipya, itapita hapo. Maana yake, friji peke yake inaweza kufikisha uniti 30 kwa mwezi hata kama nyumba nzima inaishi gizani kama popo. Wa pili ni AC. Ya chumba kimoja, ikilala na wewe saa nane, hutafuna uniti tano au sita. Feni kwa muda huohuo haifiki nusu uniti. Ukweli ni kwamba feni haipoozi chumba, humpooza mtu, kwa hiyo kuiacha ikizunguka juu ya kitanda kitupu ni kumpepea shuka. Lakini AC nyingi hazipigani na hali ya hewa, zinapigana na paa. Nyumba ya mabati yasiyo na dari hukusanya jua mchana na kulirudisha usiku. Wazee waliojenga kwa makuti, wakaacha nafasi upepo wa bahari upite, hawakuwa wakipamba kadi za posta za hoteli. Mpangaji hawezi kubadili paa, nakubali. Lakini mwenye nyumba anaweza kupiga dari na kupaka mabati rangi nyeupe, na hilo ni ombi la maana kuliko kuomba kodi ingoje.

Yuko atakayesema kwamba nimemwacha mwizi mwenyewe: makato. Ni kweli, ndani ya kila tokeni mna kodi ya VAT ya asilimia 16, mna tozo ya stima vijijini ya asilimia 5, na mna gharama za mafuta na za dola ambazo EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi, huzitangaza kila mwezi. Ndiyo sababu shilingi 500 za mwezi huu hazileti uniti za mwezi uliopita. Aliyeunganishiwa stima kwa mkopo wa shilingi 15,000 chini ya mpango wa Last Mile ulioanza 2015 huenda pia anakatwa deni lake. Lakini makato mengi hufuata uniti: ukizipunguza, nayo yanapungua. Mwingine atasema mita imerogwa. Kabla ya kwenda kwa mganga, zima kila kitu na utazame taa ya mita. Ikiendelea kumetameta kwa kasi, mwite fundi. Huenda nyaya zinavuja, au pampu ya kisima cha ploti nzima inakunywa kwako. Isipometameta, mita yako ni mwaminifu kuliko jamaa zako.

Pingamizi zito ni la heshima. Mgeni atafikiri nini akikuta feni? Na afisa atakaaje ofisini Kwale, katika kaskazi, bila suti na AC ya digrii 16, kisha sweta juu yake? Japani, nchi isiyojulikana kwa uzembe kazini, ilianza mwaka 2005 kampeni ya kuweka AC za ofisini digrii 28 na kuwavua watumishi tai na koti. Serikali haikuanguka. Sisi tuna kanzu, leso na kikoi, mavazi yaliyobuniwa kwa joto hili hasa, tukayaacha kwa ajili ya harusi na watalii.

Faida yenyewe si ya kubahatisha. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamepangwa katika ngazi tatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, hadi 100, na zaidi ya 100. Wakati huo bei ya msingi, kabla ya makato, ilikuwa shilingi 12.22, 16.30 na 20.97 kwa uniti, na ingawa bei imesogezwa tangu hapo, ngazi zimebaki. Lakini wale wanaokesha wakingoja tarehe mosi wanunue tokeni za bei nafuu wanajinyima usingizi bure. Kinachotazamwa katika kukupanga ngazi ni wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Zima shawa, pumzisha AC, sogeza friji mbali na jiko, na nyumba ya uniti 200 inaweza kushuka chini ya 100, ikatumia kidogo na kwa bei ndogo. Ila ngazi haishuki kesho. Itabidi kungoja miezi mitatu, na ndoa nyingi zimevumilia zaidi ya hapo kwa faida ndogo kuliko hii.