Rubli ya Gagarin Kwenye Daladala ya Bigwa

Dola ya Kisovieti ilivunjika Desemba 1991, lakini rubli yake moja imewahi kurudishiwa chenji kwenye daladala ya Bigwa, hapa Morogoro. Mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, alikosa nauli ya asubuhi, akaingiza mkono kwenye kopo la maziwa ya unga ninamotunzia sarafu zangu na kutoka na sarafu nzito yenye sura ya mtu. Ilikuwa rubli ya 1981, iliyotolewa kuadhimisha miaka 20 tangu Yuri Gagarin aizunguke dunia. Konda aliipapasa kwenye kigizagiza cha alfajiri, akaona uzito unatosha, akajua ni mia tano ya Karume, akamrudishia kijana mia tatu. Mtoto akafika shuleni akiwa na hela ya mihogo ya kukaanga.

Nilipombana jioni hakutahayari. "Mjomba, kwani mwishowe si zitakuwa zangu?" Kwa sisi Waluguru huo si utani wa kupuuza. Ukoo tunaufuata kwa mama, na mali ya mjomba ina njia ya mkato kuelekea kwa mpwa. Kwa hesabu yake hakuiba. Alichukua urithi mapema kidogo, tena mjomba akiwa hai na ana afya njema.

Konda nilimkuta njia panda. "Braza, hii hela ina mtu simjui," alisema. "Kila abiria ninayempa anairudisha." Kisha akaniangalia usoni, akaona macho yamenitoka, na hapo akagundua kwamba ameshika mali. "Elfu tano." Nikatoa. Gagarin alitumia dakika 108 tangu kurushwa hadi kutua. Kutoka daladala ya Bigwa hadi kwenye kopo langu alitumia siku nzima.

Basi, nakusanya sarafu zenye anga: nyota, mwezi, vimondo, roketi na binadamu waliopanda juu wakarudi. Sababu yenyewe ni Bigwa. Mtu anayeishi chini ya Milima ya Uluguru hana mbingu nzima. Sehemu imechukuliwa na mlima, na iliyobaki huchukuliwa na mawingu, hasa masika, ambapo unaweza kumaliza wiki hujaiona nyota hata moja. Mwezi ulio kwenye sarafu hauzibwi na ukungu wa kilele cha Bondwa. Huo ndio utetezi wangu, na hakuna jirani aliyewahi kuukubali.

Chukua dola ya Marekani yenye kichwa cha Eisenhower, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1978. Ni sarafu kubwa, kipenyo chake karibu sentimita nne. Nyuma kuna tai anatua mwezini akiwa na tawi la mzeituni kwenye kucha, na dunia yetu imening'inia juu kama kidonge. Picha hiyo inatokana na nembo ya safari ya Apollo 11 ya Julai 1969. Niliwaonyesha vijana wa bodaboda kijiweni nikitarajia waduwae. Mmoja akaigeuzageuza, akauliza: "Huyu kuku anatua wapi na kisamvu?" Mwenzake akayatazama mashimo ya mwezini kwa makini, akajibu kwamba hiyo ni barabara ya Kisaki baada ya mvua. Tangu hapo dola ile inaitwa Kisaki, na mimi mwenyewe nimeshaanza kuiita hivyo.

Mzozo mkubwa zaidi niliupata kwa mzee mmoja wa asili ya Unguja, anayeuza vikorokoro karibu na Soko Kuu la Chifu Kingalu. Alikuwa na pesa ya shaba ya Sultani Barghash, ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882. Upande mmoja una maandishi ya Kiarabu, upande wa pili una mizani.

"Shikamoo mzee. Hii bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Elfu kumi tu. Lakini wewe si nasikia unataka nyota? Hii ni mizani ya dukani."

Hapo ndipo elimu iliponiponza. Nikamweleza kwamba Mizani ni buruji ya saba kati ya zile 12, baada ya Sumbula na kabla ya Akarabu, na kwamba jua lina msimu wake wa kupita humo. Nikamwongezea habari za Jahangir, mfalme wa Wamoghuli wa India, ambaye kuanzia 1618 alitoa sarafu za dhahabu na fedha zenye picha za buruji badala ya majina ya miezi: Asadi ni simba mwenye jua mgongoni, Hutu ni samaki, na kadhalika. Mzee alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akaichukua pesa yake, akaifuta kwenye shati.

"Kumbe ina nyota," akasema. "Basi elfu arobaini."

Faida niliyoipata ni kwamba mlango wa buruji sasa umefunguka. Senti tano ya Tanzania ya 1966 ina samaki, naihesabu Hutu. Mia mbili ya leo ina simba, nayo ni Asadi, hata kama Benki Kuu haikukusudia. Mke wangu anasema kwa mtindo huu hata kifaru wa shilingi hamsini nitamtafutia nyota yake. Nimetafuta. Hana.

Tatizo jingine ni usiku. Mpenda nyota hutoka nje usiku, na mpenda sarafu hutembea na tochi na lenzi ya kukuzia. Ukiviunganisha viwili hivyo Bigwa, unakuwa mchimba hazina. Kila mzee hapa anajua kwamba Wajerumani walipoukimbia mji wa Morogoro Agosti 1916 walipita na milima kuelekea Kisaki, na kila mzee anajua mti ambao chini yake walifukia sanduku. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kuniuliza kwa upole kama nimeshalipata. Wiki hiyohiyo wakaanza kufika wageni na rupia zenye kichwa cha Kaisari Wilhelm II, kila mmoja akidai yake inavuta punje za mchele. Tulimwaga mchele kwenye sinia, tukaisogeza rupia, mchele ukatulia tuli. Mwenye rupia akasema tatizo ni mchele. Ungekuwa wa Kyela ungevutwa.

Kijana mwingine aliteremsha kutoka mlimani jiwe linalometameta, akalitua kibarazani kwa kishindo. Alikuwa amesikia kwamba nchi nyingine hubandika vipande vya vimondo kwenye sarafu, jambo ambalo ni kweli. Lakini Kimondo cha Mbozi kule Songwe ni pande la chuma na nikeli lenye uzito wa zaidi ya tani 10, na hili la kwake lilikuwa limeshaanza kubanduka magamba kibarazani. Ulikuwa ulanga mtupu, ule uliokuwa ukichimbwa Uluguru enzi za ukoloni. Nilimpa soda kwa kazi ya kubeba.

Hayo yote nayavumilia. Lililoniuma ni la shangazi. Nilikuwa na sarafu ndogo ya shaba ya Aksum, Ethiopia ya kale, ambayo rafiki aliye Ujerumani aliipata mnadani. Wafalme wa Aksum waliweka juu ya kichwa cha mfalme mwezi mwandamo na duara, hadi Mfalme Ezana alipoingia Ukristo katika karne ya nne na kuviondoa akaweka msalaba. Yangu ilikuwa ya kabla ya msalaba; ukiielekeza kwenye dirisha uliuona mwezi mwembamba kama kipande cha ukucha. Shangazi, mwanachama shupavu wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, alikuja kunitembelea, akalifungua kopo, akasikitika kuona hela chafu. Akaziosha kwa ndimu na majivu, na ile ndogo iliyogoma akaimalizia na waya wa kusugulia masufuria. Nilirudi nikaikuta inang'aa haina mwezi, haina duara wala mfalme. Kazi ya Ezana ilikuwa imekamilika.

"Nimekutakatishia vitu vyako, mwanangu," aliniambia. Nikamshukuru, shangazi hasemwi.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wa Benki Kuu: mmeshatuwekea samaki, mbuni, sungura, pundamilia, swala, simba na nyati. Tupeni sasa Kimondo cha Mbozi, hakina haja ya kulishwa. Na wewe msomaji, ukikuta pesa ya Barghash kwenye kibubu cha bibi, usiisugue, usiitie ndimu, ifunge kwenye karatasi kavu. Ukienda kununua ya pili sokoni, lipa kwanza, ndipo utaje nyota.