Matumaini ya Wazazi Watarajiwa katika Barabara ya Dar es Salaam–Moshi: Jaribio la Uainishaji

Mimea ya Mlima Kilimanjaro imeshaainishwa siku nyingi kwa mwinuko: chini mashamba, kisha msitu, kisha nyasi na vichaka, kisha jangwa la mawe, na kileleni barafu. Matumaini ya watu wanaorudi chini ya mlima huo kila Desemba hayajapata bahati hiyo, hasa ya wanandoa ambao hawajajaliwa mtoto. Makala hii inaziba pengo hilo. Data zilikusanywa ndani ya basi, katika njia ya takriban kilomita 550, kwa kutega sikio siti za jirani na kumhoji mke wangu kila alipoamka. Kanuni iliyopatikana ni hii: kadiri kilomita zinavyopungua ndivyo matumaini yanavyopungua, na yanayosalia huzidi uzito.

Daraja la Kwanza: Matumaini ya Stendi. Hupatikana Stendi ya Magufuli, Mbezi Louis, alfajiri, kabla basi halijawashwa. Ni mengi na hayaogopi ada. Mtoto atasoma shule ya Kiingereza, atacheza piano, ataogelea, kisha atakuwa daktari, ikiwezekana wa moyo. Uchunguzi wa karibu unaonyesha kwamba daraja hili halimhusu mtoto hata kidogo. Anayesisitiza kuogelea ndiye yule anayeshika nguzo kwa mikono miwili akivuka Kigamboni kwa pantoni.

Daraja la Pili: Matumaini ya Njiani. Huanza Chalinze na kukomaa Korogwe, abiria wanaposhuka kula kwa dakika ambazo kondakta pekee ndiye anayezijua. Mtoto wa siti ya pili alirudi na chipsi kwenye mfuko. Kabla hajaonja, alimnyooshea mzee aliyekaa pembeni yake, asiyemjua: "Karibu, babu." Mzee akachukua kipande kimoja, akashukuru, akakishika mkononi mpaka mtoto alipoanza kula. Mke wangu akaninong'oneza, "Wetu awe hivi." Udaktari wa moyo haukutajwa tena safari nzima.

Daraja la Tatu: Matumaini ya Himo. Hapa wa Marangu na Rombo hushuka, na simu zote huanza kupokelewa kwa Kichagga. Mtafiti, anayeelewa lugha hiyo lakini huijibu kwa Kiswahili, alitangaza kwamba mtoto wake ataizungumza kikamilifu. Swali la nani atamfundisha liliachwa kwa watafiti wengine.

Daraja la Nne: Matumaini ya Kihambani. Hili, la kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, lina spishi moja tu, nayo humilikiwa na bibi yangu. Bibi hakuuliza mtoto atasoma wapi. Alitupitisha katikati ya migomba na mikahawa, kando ya makaburi ya waliotutangulia, hadi kwenye masale ya mpakani, akatuonyesha mgomba wa mshare ulioanza kutoa ua.

"Huu ni wa mtori wa mzazi," akasema. "Sasa nyie mnakawia, nao mgomba hausubiri."

Kinadharia, hapa ndipo kanuni inapothibitika. Safari iliyoanza na mtoto wa piano na bwawa imeishia kwa mtoto ambaye kazi yake ya kwanza ni kuja na kujulikana: jirani ajue ni wa nani, na akiwa wa kiume abebe jina la babu mzaa baba. Maadili tuliyopanga kuyafundisha kwa maneno yamo humu tayari, kwenye mgomba uliopandwa kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa.

Makala ilipelekwa kwa mhakiki, ambaye ni Mzigua wa Handeni na ndiye mama mtarajiwa. Aliisoma hadi mwisho, akauliza swali moja:

"Na njia ya kwetu, ile tuliyoipita pale Mkata bila hata kupunguza mwendo, iko daraja gani?"

Haimo katika daraja lolote. Mtoto hukariri barabara mapema kuliko anavyokariri mawaidha, na atajua ni kwa nani basi husimama. Kwa hiyo utafiti wa Desemba ijayo umeshapangiwa eneo: tiketi zitakatwa za kushukia Mkata, tutaenda kwa mama mkwe kwanza, na bibi ameombwa apande mgomba mwingine.